Chutama Uone

Hotuba kwa wazazi na walimu wa chekechea, Tononoka, Mombasa

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, wazazi, vijana, hamjambo nyote? Assalaam aleikum.

Barua ya mwaliko ilinitaka nije niseme jinsi mtu mzima anavyoweza kuupata tena ule mshangao na furaha ya utotoni. Kisha mwenyekiti akanipigia simu akaniongezea: "Mwalimu, tupe mbinu tano, watu wanapenda kuandika." Poleni mliokuja na kalamu. Mbinu tano sina. Nina swali moja la jiografia, na nataka mikono juu.

Nani hapa anajua kwamba Mombasa, mara mbili kila mwaka, mtu husimama juani akakosa kivuli?

Naona mikono miwili, na mmoja ni wa mtoto. Wengine mmezaliwa Majengo, mmekulia Majengo, mna wajukuu Majengo, na jambo hili limewapita juu ya kichwa miaka yote. Nasema juu ya kichwa nikimaanisha hivyo hasa.

Sikilizeni basi. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kama nyuzi nne. Jua nalo halina njia moja mwaka mzima. Huelekea kaskazini mpaka Juni, hugeuka likaja kusini mpaka Desemba, na katika kwenda na kurudi huko halina budi kupita juu ya mapaa ya Mombasa mara mbili. Mara ya kwanza ni karibu na tarehe 10 Machi, ya pili ni karibu na tarehe 3 Oktoba. Adhuhuri ya siku hizo jua huwa utosini barabara. Mlingoti wa bendera hauna kivuli. Mnazi ulionyooka kivuli chake ni cha makuti tu, kimelizunguka shina.

Lakini msitoke saa sita kamili kisha mkaja kuniambia mwalimu mwongo. Saa zetu zimepangwa kwa kufuata mstari ulio mashariki yetu, huko baharini, kwa hiyo jua la Mombasa hufika kileleni likiwa limechelewa kidogo. Mwezi wa Machi ni kama saa sita na nusu. Oktoba ni kama saa sita na dakika kumi. Na tafadhali, msilikodolee macho jua lenyewe. Tazameni chini.

Nilipokuwa nafundisha darasa la sita tulilifanya somo hili uwanjani. Tuliweka kopo tupu la maziwa ya unga kwenye saruji, na watoto wakawa wanachora kwa chaki ukingo wa kivuli kila baada ya muda. Kivuli kikafupika, kikafupika tena, kikabaki utepe mwembamba mfano wa mwezi mwandamo, kisha utepe ule nao ukaingia chini ya kopo. Makelele yaliyopigwa pale! Mpishi alitoka na mwiko mkononi kuuliza nani kaumia. Bawabu aliliacha lango wazi. Mwalimu mkuu, mtu mkali, suruali imepigwa pasi mpaka mkunjo unakata, alikuja kutunyamazisha. Kabla hajafungua kinywa, mtoto mmoja akamwambia, "Mwalimu, angalia viatu vyako."

Akaangalia. Akasogea hatua mbili, akaangalia tena, asije akawa amekisahau kivuli pale alipotoka. Kisha akainua mguu mmoja. Kivuli cha kiatu kikajitokeza kwenye saruji, peke yake. Akashusha mguu, kikapotea. Akainua, kikarudi. Akacheka kicheko ambacho hakuna mwalimu wa shule ile aliyewahi kukisikia. Mtu mzima, mwenye mvi, amesimama kwa mguu mmoja mbele ya darasa la sita! Halafu akakikumbuka cheo chake. Akakohoa, akauliza, "Hili ni somo gani?" Akarudi ofisini.

Huyo bwana ndiye nitakayezungumza habari zake leo, maana ni sisi sote. Mshangao haukumtoka. Ulikuwa mzima kabisa, ukamjia pale pale, bila semina. Kilichoufukuza ni kujua kwamba anatazamwa.

Watu husema tunapoteza mshangao kwa sababu ya mazoea. Ni kweli kiasi. Ukikiona kitu kila siku, akili hukiweka kando ishughulike na kipya, na ni heri, la sivyo tusingevuka hata barabara ya Digo Road. Wengine husema ni uchovu na shida, na hao siwezi kubishana nao. Mama mwenye deni la karo, kodi ya nyumba imefika, maji ya mfereji hayajatoka siku nzima, ukimwambia atazame mawingu atakutazama wewe, na kwa jicho baya. Haki yake.

Ila nendeni Likoni. Watu wanaovuka na feri, kwa hesabu inayotajwa kila mara, ni zaidi ya 300,000 kwa siku. Meli ya makontena ikiingia Kilindini, feri hungoja ipite. Hapo watu wazima tunafyonza. Tunatazama saa, tunatazama simu, tunashika mifuko. Mtoto aliye mgongoni anahesabu makontena. Mekundu, bluu, kijani, amefika kumi na moja amerudia tano, haidhuru. Ile meli ni ndefu kuliko mtaa wanaoishi, imetoka upande wa pili wa dunia, na inapita karibu kiasi kwamba unawaona mabaharia wakipunga mkono. Dakika hizo tunazingoja sote sawa, mchovu kwa asiyekuwa mchovu. Hazitugharimu kitu zaidi tukiinua macho. Kwa nini hatuinui? Jamani, tunaona haya. Mtu mzima anayeishangaa meli ataonekana mshamba, katoka bara jana.

Hapa kwetu tuna jina kabisa la kumtia adabu mtu wa namna hiyo: mtu mzima ovyo. Mama wa watoto wanne akirusha tiara, ovyo. Mzee akilamba barafu ya ukwaju njiani, ovyo. Na ukichutama ufukweni huna ndoo wala chambo, mpita njia atakuuliza, "Umepoteza nini?" Mimi nimeulizwa mpaka nimezoea. Siku hizi najibu, "Pete." Mungu anisamehe. Wenye huruma huchutama kunisaidia kutafuta, na wakishachutama wanaanza kuona.

Wanaona nini? Maji yakipwa, mchanga ukiwa bado na unyevu, kuna kaa wadogo sana wanaotoka vishimoni. Mmoja hafikii ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Anachota mchanga kwa magando, anaupitisha mdomoni, anachuja vile vijidudu na vijimea visivyoonekana kwa macho, kisha anautema mchanga uliokwisha safishwa ukiwa kidonge cha mviringo. Anakiweka. Anasogea kidogo. Anatengeneza kingine. Baada ya muda vidonge vimepangwa mistari inayotoka kwenye tundu kwenda kila upande, na ufuo mzima umejaa, hujui ukanyage wapi. Bahari ikijaa inafuta yote. Ikipwa tena wanaanza upya. Kumbukeni hapa kwetu bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Ila ukijitikisa tu, wote wamezama vishimoni, na itakubidi ungoje dakika mbili tatu bila kusogea. Magoti ya umri wangu yanalalamika. Nayaacha yalalamike.

Ukitoka hapo nenda hori la Tudor, kwenye tope la mikoko, umtafute kaa mwenye gando moja kubwa na jingine dogo. Huyo ni dume. Analipunga lile kubwa juu, chini, juu, chini, mchana kutwa. Ukienda na mtoto swali lake la kwanza ni, "Anamwita nani?" Ni swali zuri kuliko yote, na jibu lake linajulikana: anaita mke. Jike ana magando mawili madogo na anakula kwa yote mawili. Bwana analo moja tu la kulia chakula, la pili ni la kujionyesha. Naona kina mama mnacheka. Mnawajua hao.

Sasa msidhani nawaambia haya ili tupitishe jioni. Kuna mtu alichutama hapa hapa Mombasa, na matunda yake tunatembelea na wanafunzi kila muhula. Mnaijua Haller Park, Bamburi. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji, jangwa la mawe meupe, joto la kuunguza, hakuna udongo. Mwaka 1971 René Haller, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ile, alianza kujaribu kupanda miti. Miti ya aina nyingi ilikufa. Mivinje ikashika. Lakini majani ya mvinje yalianguka yakarundikana tu, hayaozi, hayawi udongo. Mtu mwenye haraka angeagiza mbolea. Haller akamwona jongoo.

Jongoo! Huyu tunayemruka kwa kuchukia mvua zikinyesha. Alikuwa anatafuna yale majani makavu ya mvinje. Haller akamtazama, akaona kile anachokiacha nyuma yake ni mwanzo wa udongo, akafanya majongoo yaletwe kwa mamia na kuachiliwa mle machimboni. Udongo ukapatikana, miti mingine ikamea, ndege wakaja, leo ni msitu wenye twiga. Hebu wafikirieni wafanyakazi waliotumwa kwenda kuokota majongoo. Sijui walisemaje jioni walipofika nyumbani, lakini nadhani neno "ovyo" lilitajwa.

Pale pale Haller Park ndipo alipoletwa yule mtoto wa kiboko, Owen, aliyeokolewa karibu na Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004. Alipofunguliwa alikwenda kujibanza kwa kobe mkubwa mzee aliyeitwa Mzee, akawa anamfuata, analala kando yake. Ulimwengu mzima ulishangaa. Mameneja wa benki walikuja wakasimama uani wakitabasamu, na hakuna aliyewaita ovyo, kwa sababu habari ilikuwa imetoka magazetini. Kumbe tukipewa ruhusa tunaweza!

Ruhusa hiyo imewahi hata kupimwa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha matokeo ya jaribio moja dogo. Waliwachukua watu 52 wenye afya njema, wote wazee, wakawaambia watembee angalau dakika 15 kila wiki, kwa wiki nane. Nusu waliambiwa watembee tu. Nusu nyingine waliambiwa watembee huku wakiyatazama mambo kwa macho mapya, wakitafuta cha kushangaza. Wote walitakiwa kujipiga picha njiani. Wale waliotafuta cha kushangaza walisema hisia zao njema zimeongezeka, lakini mimi lililonipendeza ni hizo picha. Kadiri wiki zilivyokwenda, nyuso zao zilichukua nafasi ndogo zaidi kwenye picha, miti na barabara na anga vikachukua kubwa, na tabasamu zao zikapanuka. Hakuna aliyewaambia wajipunguze. Walijisahau tu.

Natamani jaribio hilo lifanywe pale Mama Ngina, kando ya bahari, jioni ya Jumapili. Uso, uso, uso, na nyuma yake kipande cha bahari. Mzazi anamwambia mtoto, "Cheka! Tazama huku!" na mtoto anatazama kule, kwenye meli. Na huku mkononi ana kifuko cha mabuyu, midomo imekuwa myekundu, amesimama chini ya mbuyu wenyewe, na hakuna aliyemwonyesha kwamba pipi zake zimetoka juu ya kichwa chake. Ua la mbuyu, kwa habari yenu, hufunguka jioni, kubwa jeupe, likaning'inia kichwa chini, na popo ndio wanaokuja kulichavusha. Siku ya pili limeanguka. Ukitaka kuliona huna budi kuwa pale magharibi, na uinue shingo.

Kuna jambo nataka wazee mnisaidie kulisema, maana vijana hudhani michezo ya watu wazima ni kitu cha kuletwa na watalii. Bibi zetu hawakuwa na aibu hii. Usiku baada ya chakula, mtu mzima ndiye aliyesema "Paukwa!" na nyumba nzima ikajibu "Pakawa!" Alijua mwisho wa hadithi, sisi tulijua mwisho wa hadithi, na bado sungura alipokaribia kukamatwa yeye mwenyewe alishika kifua. Vitendawili vilitegwa na wazee kwa wazee wenzao, na aliyeshindwa alitoa mji kweli, akabishaniwa ni mji gani. Nendeni leo Mji wa Kale, muwaone wazee kwenye mabaraza wakicheza bao. Mtu aliyestaafu na kiinua mgongo chake anapiga yowe kwa ajili ya kete za mkomwe. Na harusini vugo likianza, pembe zikigongwa, mama aliyeletwa kwa kushikwa mkono kwa sababu ya goti huinuka bila kushikwa. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na goti lilikuwa la dada yangu.

Mnaona walivyofanya? Walijiwekea mahali na wakati ambapo mtu mzima huruhusiwa. Hadithi ni usiku, vugo ni harusini, bao ni barazani. Ndani ya wakati huo hakuna anayekucheka, kwa sababu wote wamo. Nafikiri hicho ndicho tulichokipunguza, huku tukizungumza sana kuhusu furaha. Siku hizi kila mtu anatafutia furaha yake chumbani, na kioo cha simu.

Sitaki pia tudanganyane kwamba utoto wote ulikuwa raha. Wengine hapa utoto wao ulikuwa wa kuchota maji na kuchapwa, na wapo watoto mjini humu ambao leo wanauza karanga kwenye foleni za magari wakati wenzao wako darasani. Sisemi turudi huko. Mtoto hamshangai kaa kwa kuwa maisha yake ni mepesi. Anamshangaa kwa kuwa hajafundishwa bado kwamba kaa hana maana.

Na walimu wenzangu, hapo mimi na nyinyi tumo. Mtoto wa chekechea akiuliza kwa nini mwezi unatufuata tukiwa kwenye matatu, kuna jibu, na kuna "nyamaza uketi." Jibu lenyewe si gumu: mwezi uko mbali mno, hata tukitoka hapa mpaka Mtwapa upande tunakouona haubadiliki, ilhali miti ya karibu inatupita mbio. Lakini kabla ya jibu kuna sentensi moja ambayo ningependa kila mwalimu aiseme kwa sauti angalau mara moja kwa siku: "Hebu tutazame." Ukiisema, watoto watakukubalia mara moja. Ni mlezi mwenzako aliyesimama mlangoni ndiye atakayekutazama vibaya, kwa hiyo mwite naye aje atazame.

Basi nimezungumza na mwenyekiti, na hili amelikubali. Tutajiwekea baraza letu, la ufukweni. Hatuhitaji kalenda ya kununua. Sote tunautazama mwezi kwa ajili ya Ramadhani na Idi, na mwezi huo huo ndio unaopanga maji. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa mstari mmoja, ndipo tunapopata bamvua. Hapa kwetu maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na bahati yetu watu wa Mombasa ni kwamba wakati huo hupwa sana majira ya saa nne, saa tano asubuhi, mchana kweupe. Siku za maji mafu, bahari isipopwa sana, msiende, hamtaona kitu.

Kwa hiyo Jumamosi itakayoangukia bamvua, tukutane ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta, pale Pirates, saa nne kasorobo. Vaeni viatu vya kulowa, maana kuna wenye miiba. Konokono wa baharini mwenye kombe zuri lenye madoa msimwokote, wako wanaochoma kwa sumu. Mkigeuza jiwe lirudisheni lilivyokuwa, chini yake ni nyumba ya mtu. Simu zikae mfukoni mpaka saa tano, baada ya hapo pigeni picha mpendavyo, nami nitazitazama nione nyuso zina ukubwa gani. Kila mtu mzima aje na mtoto mmoja, na mtoto ndiye atakayeongoza. Asiye na mtoto aazime wa jirani, kwa idhini ya mamake.

Kuna aliyeniletea karatasi hapa, anauliza kama kuna kiingilio. Hakuna. Ila leteni maji ya kunywa, na anayekaanga mihogo vizuri asije mikono mitupu. Mwenyekiti, wakati ni wako. Niko tayari kwa maswali.